Jua, Mvua na Ganda la Faibaglasi

Ganda la faibaglasi, liwe la mashua au la hema lililofungwa juu ya gari, huundwa kwa nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa na utomvu wa poliesta. Juu yake hupakwa tabaka jembamba la utomvu wenye rangi, lenye unene wa kiasi cha nusu milimita.

Kwa nini basi ganda likiachwa nje huko Ijuganyondo, Bukoba, hupauka? Mji huo uko karibu na Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno ni mikali. Mionzi hiyo hukata minyororo ya molekuli za utomvu. Lisugue kwa kitambaa cheusi: kikishika unga mweupe, tabaka limeanza kuoza.

Lioshe kwa sabuni, ulisugue kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1200, ulipake nta. Nyuzi zikionekana, nta haitoshi, maana maji ya mvua hupenya kandokando yake. Likaushwe kabisa, lizibwe kwa utomvu mpya, ndipo lipakwe rangi.

Mwanafunzi asisugue pakavu, wala bila barakoa na miwani: vumbi la kioo hudhuru macho na njia ya hewa.