Baba analala ameketi? Msimcheke

Moshi. Desemba iliyopita baba mdogo alipanda Kibosho kula Krismasi, kama wafanyavyo Wachaga wengi waishio Dar es Salaam. Alikuja na gari, mbuzi wa sikukuu na kitambi ambacho mwaka wa nyuma hakikuwepo. Shangazi zangu walikipokea kwa vigelegele. "Kaka, Dar imekukubali!" walimwambia.

Usiku kila aliyeamka kwenda chooni alimkuta sebuleni, amelala ameketi kwenye kochi, televisheni imezimwa. Watoto wakampa jina la mlinzi. Mwenyewe alidai godoro la wageni ni bovu. Mimi huandika habari za afya kila wiki, na nakiri kwamba nilicheka pamoja nao.

Godoro halikuwa na kosa. Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Ukivuta pumzi, kiwambo hushuka kuelekea tumboni na mapafu hupata nafasi ya kujaa. Ukiwa umesimama au umeketi wima, uzito wa tumbo unavutwa chini na kukipa kiwambo nafasi. Ukilala chali, vilivyomo tumboni husogea upande wa kifua na kukisukuma juu. Hilo humpata kila mtu, ila mwembamba mwenye afya hasikii tofauti.

Mwenye kitambi ana mafuta yaliyojazana pia ndani kabisa, kuzunguka matumbo, na kila pumzi inabidi isukume mzigo huo. Hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi hupungua, na vijia vyembamba vya hewa sehemu ya chini ya mapafu huweza kujifunga kabla hajamaliza kuitoa. Ndiyo maana wengine huhema hata wakiinama kufunga kamba za viatu, au wakikaa kwenye kigoda kumenya ndizi za mtori. Tumbo limebanwa, halina pa kwenda ila juu.

Wala si lazima uwe mnene mwili mzima. Utafiti uliofanywa kwa watu wazima 1,674 katika mji wa Humboldt, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa kila sentimita moja ya ziada kiunoni iliendana na upungufu wa mililita 13 za hewa ambayo mtu anaweza kuipuliza kwa pumzi moja, hata kwa wenye uzito wa kawaida. Sentimita kumi ni kama nusu glasi.

Na akina mama tusidhani hii ni habari ya wanaume. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Kama huna futi ya fundi cherehani, chukua kamba, ikate sawa na urefu wako, ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wako na ni wakati wa kukipunguza.

Wakati huo, lala kwa ubavu. Inua upande wa kichwani wa kitanda kwa kuweka matofali imara chini ya miguu yake. Mito mingi hukunja shingo tu na kulibana tumbo. Acha bia au mbege ya usiku, kwani pombe hulegeza misuli ya koo na kuzidisha mkoromo. Haya yatakusaidia kulala, lakini kitambi hakitapungua kwa kubadili ubavu. Chakula na kutembea ndivyo vitakavyokipunguza, na sisi tuishio kwenye miteremko ya Kilimanjaro hatuna haja ya kulipia gimu.

Kuna dalili ambazo hazitakiwi kubebeshwa kitambi. Anayekoroma kisha akanyamaza kama aliyekata pumzi, halafu akashtuka, anahitaji daktari. Anayeshindwa kulala bila kuegemea, au kuamka usiku akitafuta hewa, huku miguu ikivimba, anahitaji kupimwa moyo haraka, maana maji huweza kuwa yanajaa mapafuni. Akikosa pumzi hata akiwa ameketi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Kwa baba mdogo, aliyegundua ni bibi. Alimvua soksi akaona alama ya mpira imezama kwenye nyama. Kesho yake tulishuka naye mjini. Kumbe presha aliyoacha kuitibu kwa miaka ilikuwa imeuchosha moyo, na kitambi kilikuwa kinamwongezea shida akilala.

Sasa anakunywa dawa zake na analala kitandani, kwa ubavu. Mkanda umerudi nyuma matundu mawili. Shangazi zangu wanalalamika kuwa amekonda.