Nitrati ya majitaka yaweza kurudi kuwa mbolea

Fundi anapofunua shimo la choo hapa Kigobe, Bujumbura, harufu ile inayochoma pua hadi macho yakatoa machozi ni amonia. Majitaka ya shimo yakipenya udongoni na kukutana na hewa, bakteria huigeuza amonia kuwa nitrati, na nitrati haina harufu wala rangi. Ukiyachemsha maji unaizidisha, kwa kuwa maji hupungua, yenyewe ikabaki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya wachanga wanaolishwa maziwa ya chupa: ikizidi, damu yao hushindwa kubeba oksijeni. Nao mji wetu umeteremkia Ziwa Tanganyika, ambako ndiko tunakochota maji ya bomba.

Umeme unaweza kuirudisha nyuma safari hiyo ya amonia kuwa nitrati. Vipande viwili vya metali hutumbukizwa majini na kupitishiwa mkondo, hata wa sola. Kwenye kipande hasi, aghalabu cha shaba, kila nitrati hupokea elektroni 8, huvuliwa oksijeni zake 3 na kuvikwa haidrojeni 3. Imekuwa amonia, tena katika joto la kawaida, ilhali viwanda vya mbolea huitengeneza kwa nyuzi 400 hadi 500 na shinikizo kubwa mno. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walitia rutheni kidogo kwenye shaba, na umeme mwingi zaidi ukaenda kwenye amonia badala ya kupotelea kwenye gesi ya haidrojeni.

Sasa tupige hesabu. Maji yenye nitrati miligramu 50 kwa lita hutoa gramu 14 hivi za amonia kwa kila lita 1,000. Mfuko wa mbolea ya urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Kuzipata humo kunataka zaidi ya lita milioni 2! Mali imo katika majitaka mazito. Na ya mashimo yetu, yangali mabichi, hayahitaji hata kipande cha shaba: hutiwa chokaa, hupulizwa hewa, amonia ikapanda na kunaswa kwenye asidi ya salfa, ikawa chumvi ya mbolea.

Nawaomba wanaosimamia majitaka ya mji huu: kabla ya kununua mtambo wowote, pimeni mabwawa ya kusafishia majitaka ya Buterere, maji yanapoingia na yanapotoka, amonia mbali na nitrati mbali. Penye amonia, inaseni mapema. Umeme uwekeni penye nitrati nyingi.