Bunia hadi Entebbe: Umbali wa Angani na Pumzi ya Mgonjwa

Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege hupimwa kwa kufuata njia iliyo fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ambayo wataalamu huiita duara kuu, yaani mzingo unaoigawa dunia katika nusu mbili zilizo sawa. Kwa kipimo hicho, kutoka Bunia, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hadi Entebbe, nchini Uganda, ni kilomita 300 hivi, ilhali kutoka Bunia hadi Kinshasa ni takriban kilomita 1,770, hivyo kwa mgonjwa wa Nizi, katika wilaya ya Djugu, anayepandia ndege Bunia, Entebbe iko karibu mara sita kuliko mji mkuu wa nchi yake mwenyewe.

Ndege ndogo ya pangaboi aina ya Cessna Caravan, ambayo huenda kwa kasi ya kilomita 300 hivi kwa saa, huifikia Entebbe kwa saa moja na dakika chache za kupaa na kushuka, na upepo wa mbele wa kilomita 30 kwa saa huongeza dakika 7 hivi. Saa za tiketi zisimchanganye msafiri: Entebbe iko saa moja mbele ya Bunia na Kinshasa iko saa moja nyuma, kwa hiyo safari ya saa moja kwenda Uganda huonekana kana kwamba imechukua saa mbili.

Jambo zito zaidi ni linaloupata mwili katika muda huo. Uwanja wa Bunia uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,200, na kadiri ndege inavyopanda ndivyo mgandamizo wa hewa, yaani nguvu ambayo hewa huikandamiza miili yetu, unavyopungua. Ndege kubwa za abiria husukumiwa hewa ndani ili abiria wasihisi kimo kinachozidi mita 2,400 hivi, lakini Caravan haina mfumo huo. Ikiruka kwenye mita 3,000, mgandamizo hubaki kama asilimia 70 ya ule wa pwani, na oksijeni inayoingia mapafuni hupungua karibu kwa uwiano huohuo. Mtu mzima wa afya huvumilia, ila mwenye nimonia kali au upungufu mkubwa wa damu, ambao malaria huuleta mara nyingi kwa watoto, anaweza kuzidiwa. Isitoshe, hewa iliyonaswa mwilini hutanuka kwa karibu robo kuliko ilivyokuwa Bunia, na kwa majeruhi ambaye hewa imevuja kati ya pafu na ukuta wa kifua, mtanuko huo huweza kulibana pafu na kumuua.

Hesabu ya safari, basi, ianzie Nizi kwenyewe, kwa kuwa mvua na ukosefu wa usalama barabarani huweza kula muda mwingi kuliko ndege. Familia inayompeleka mgonjwa imwombe daktari, kabla ya kulipa nauli, ampime oksijeni, akichunguze kifua chake, na aulize kama ndege ina mtungi wa oksijeni.