TREKTA LINAKUNYWA OILI: TUMLAUMU NANI?

Na Bwana Shamba

Ndugu msomaji, trekta la zamani bado ni mali. Matrekta ya Massey Ferguson 135 yalianza kuundwa mwaka 1964. Mengine yanalima hadi leo. Injini yake ya dizeli ya Perkins ina silinda tatu. Injini hiyo ikichoka, fundi huifungua, hubadilisha vipuri na kuifunga upya. Kazi hiyo ni ya fedha nyingi. Basi wenye trekta huumia sana wakiona injini iliyofungwa upya inakunywa oili kuliko zamani.

Oili ikipungua mno, vyuma husuguana vikavu. Injini hushika. Trekta hulala shambani, na mvua haimsubiri mtu.

Katika kijiji kimoja kikundi cha wakulima kilipatwa na shida hiyo. Kila siku oili ilipungua. Wajumbe wengine walisema, "Bwana Shamba, dereva anauza oili yetu." Wengine walisema fundi amewaibia, ameweka vipuri vya zamani. Dereva alikuwa karibu kufukuzwa. Niliwaambia, "Ndugu zangu, tupime kwanza. Lawama zingoje."

PIMA NA UANDIKE

Pima oili asubuhi kabla ya kuwasha injini. Trekta lisimame mahali tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe, kisha ukichomoe tena na ukisome. Ongeza oili mpaka alama ya juu. Usipitishe alama. Oili ikizidi, krenki huipigapiga na nyingine huingia kwenye silinda na kuungua.

Ongeza kwa kopo unalojua kipimo chake. Andika katika daftari tarehe, saa ambazo trekta limefanya kazi, na kiasi cha oili ulichoongeza. Ringi mpya zinapozoeana na silinda, injini hula oili kidogo. Daftari likionyesha oili inayoongezwa inapungua wiki hadi wiki, usiwe na wasiwasi. Kama haipungui, tafuta sababu.

Kikundi kile kilifanya hivyo. Katibu alikaa na kopo la oili. Usiku trekta lilifungiwa ghalani, na ufunguo alikuwa nao mwenyekiti. Mchana wajumbe wawili walikaa shambani na dereva. Hata hivyo oili iliendelea kupungua. Hapo kila mtu aliona kwamba dereva si mwizi. Ni nani angejua bila daftari?

TAFUTA MAHALI PANAPOVUJA

Oili hupotea kwa njia mbili: huvuja au huungua. Anza na kuvuja, maana kuziba ni rahisi kuliko kufungua injini.

Osha injini na uikaushe. Tandika boksi lililokunjuliwa chini yake usiku kucha. Asubuhi tazama matone. Kisha tazama tena injini ikiwa ya moto na inazunguka, maana uvujaji mwingine hutokea wakati huo tu. Angalia kwenye filta, kwenye gasketi na kwenye mabomba ya oili. Angalia pia chini ya nyumba ya klachi. Oili ya injini ikitoka hapo, huenda sili ya nyuma ya krenki imeharibika.

Boksi la kikundi kile lilikuwa kavu. Basi oili ilikuwa inaungua.

SOMA MOSHI

Moshi wa ekzosi una lugha yake. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Moshi wa rangi ya buluu ni oili inayoungua.

Moshi wa buluu ukitoka asubuhi unapowasha, kisha ukapungua, shuku vali. Huenda oili inateremka pembeni mwa shina la vali. Moshi ukizidi trekta linapovuta jembe, shuku ringi za pistoni na silinda.

Tazama pia kijibomba cha kupumulia injini. Kikitoa moshi mwingi kwa nguvu, moto wa silinda unapita pembeni mwa ringi. Lakini hakikisha kwamba hakijaziba kwa uchafu. Kikiziba, pumzi husukuma oili nje kupitia sili.

Usisahau chujio la hewa lenye bakuli la oili. Ukijaza bakuli kupita alama, injini huivuta oili hiyo na kutoa moshi wa buluu. Na mpira wa kupitisha hewa ukichanika, vumbi huingia na kula ringi mpya kwa muda mfupi.

SABABU ILIKUWA NINI?

Trekta la kikundi lilitoa moshi wa buluu wakati wa kulima, na kijibomba kilipumua kwa nguvu. Fundi aliifungua injini mbele ya wajumbe. Ringi zilikuwa mpya. Zenye alama ya juu zilikuwa zimetazama juu, kama inavyotakiwa. Mianya yake haikupangwa mstari mmoja. Fundi pia hakuwa mwizi.

Lakini silinda ziling'aa kama kioo. Mzee mmoja akakumbuka: injini ilipofungwa, waliiacha ikiunguruma siku mbili chini ya mwembe bila kazi yoyote. Walidhani wanaizoesha taratibu.

Hiyo ndiyo sababu. Ringi mpya zinahitaji nguvu ya moto ili zikae vizuri kwenye silinda. Injini isipofanya kazi, nguvu hiyo ni ndogo. Oili huungua na kuacha utando laini kwenye silinda. Ringi huteleza juu ya utando huo na kushindwa kukwangua oili.

Fundi alizikwaruza silinda kwa jiwe lake, akaweka ringi nyingine. Safari hii trekta lilipewa kazi ya wastani tangu mwanzo, kama kuvuta tela lenye mzigo wa kiasi. Halikuachwa likiunguruma bure, wala halikupewa kazi ya kulikamua. Moshi ukapungua, na daftari likaonyesha hivyo hivyo.

Ndugu mkulima, kumbuka mambo haya: pima, andika, tazama boksi, soma moshi, kisha mwite fundi. Ukimpelekea daftari, utamrahisishia kazi na utaokoa fedha. Tena utaokoa heshima ya mwenzako asiye na kosa.