Anayeshindwa Kumeza Asiachiwe Uji Mtupu

Huku Shinyanga na Geita tunawapokea wagonjwa wanaosema, "Ugali unanikwama kifuani." Huanza na ugali na michembe, baadaye hata uji hupita kwa shida. Nyumbani hupewa uji mweupe mwepesi tu, nao hufika hospitali wamekwisha nguvu.

Tufanyeje? Uji upikwe kwa maziwa, uongezwe karanga zilizosagwa laini na kijiko cha mafuta. Choroko, viazi vitamu na samaki aliyetolewa miiba vipondwe na kuchujwa. Mgonjwa apewe kidogo kidogo, mara 6 kwa siku, akiwa ameketi wima, wala asilale mara baada ya kula. Akipaliwa, tusimlazimishe. Pombe, tumbaku na chai ya moto sana aviache.

Lakini tusingoje. Chakula kukwama huku mtu akikonda huweza kuwa dalili ya saratani ya umio, yaani njia ya chakula iendayo tumboni. Ndugu wachimbaji, msidhani ni vidonda vya tumbo tu mkaendelea kununua dawa dukani. Nendeni hospitali mapema. Bugando, Mwanza, umio huchunguzwa kwa kamera. Chakula bora humpa mgonjwa nguvu ya kutibiwa, bali hakishiki nafasi ya matibabu.