Usianze na Rangi: Cherehani ya Zamani Irudishwe Hadi Wapi

"Fundi, utaipaka rangi gani?" Kila msimu wa korosho ukishalipa, hilo ndilo swali la kwanza ninalopokea, liwe limetoka Nandagala, Ruangwa mjini au Nachingwea. Mtu kaleta kichwa cha Singer alichoachiwa na bibi yake, kimefungwa kwenye kiroba, hakijageuka kwa miaka, na kabla sijashika gurudumu tumeshafika kwenye rangi. Huyu anataka nyekundu kama ya pikipiki, yule anataka nyeusi ing'ae ionekane imetoka dukani. Kama meno bado yanasukuma kitambaa, hakuna anayeuliza. Nimelijibu swali hili kwa mdomo vya kutosha. Leo nalijibu kwa maandishi.

Cherehani haishoni kwa rangi. Anayetaka kuifufua mashine ya zamani ana maswali mawili tu ya kuanza nayo. La kwanza, itafanya kazi gani ikishapona? La pili, katika yote tunayotaka kuifanyia, lipi likishafanyika haliwezi kurudishwa nyuma? Kubadili mkanda kunarudishika. Kubadili sindano, kubana parafujo, kuosha mafuta yaliyoganda, yote hayo yanarudishika. Kukwangua rangi ya kiwandani hakurudishiki. Kwa hiyo rangi ndilo jambo la mwisho kuamuliwa, na mara nyingi uamuzi wenyewe ni kuiacha.

Watu wengi hawajui wanakwangua kitu gani. Singer nyingi za zamani zinazopita mikononi mwangu zilitengenezwa Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Tazama namba iliyogongwa kwenye chuma cha kitako, upande wa kulia. Herufi Y mbele ya namba ni Clydebank ya miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930. Herufi mbili zinazoanza na E, kama EA au EB, ni Clydebank kuanzia katikati ya miaka ya 1930. Weusi ule si rangi ya kopo. Ni rangi yenye asili ya lami, iliyopakwa tabaka kwa tabaka na kuchomwa kwenye tanuri mpaka ikashikana na chuma. Juu yake yakabandikwa mapambo ya dhahabu, na juu ya mapambo ikapita vanishi ya kuyalinda. Ndiyo maana mashine yenye umri wa babu zetu, iliyoshona barazani kwenye vumbi na unyevu wa masika, bado ina maua yake na jina lake. Rangi ya kupuliza ya dukani haikai hivyo. Nimeona zilizopakwa zikibanduka kama ganda la muhogo.

Zinabanduka kwa sababu inayojulikana. Cherehani imelowa mafuta maisha yake yote. Mafuta yameingia kwenye kila ufa mdogo wa rangi ya zamani na kwenye kila kiungo. Fundi wa rangi anafuta juu juu kwa thina, anapiga msasa, anapuliza, mteja anafurahi. Mashine ikianza kazi inapata joto, mafuta yanatoka jasho chini ya rangi mpya, na rangi haishiki kwenye mafuta. Inaanza kuachia pale mkono wa mshonaji unapopita kila siku. Sasa fikiria kipande chake kimeng'ang'ania kwenye kanzu nyeupe ya bwana harusi.

Hasara kubwa iko ndani, mahali ambapo mteja haangalii. Msasa unatoa unga mgumu. Unga ule unaingia kwenye matundu ya mafuta, unachanganyika na mafuta, na kuanzia hapo kila mzunguko wa gurudumu unasaga bushi na fimbo ya sindano. Umelipa pesa ili mashine yako isagwe. Kisha rangi yenyewe inaziba matundu yale yale. Mwenye mashine anadondosha mafuta juu ya tundu lililozibwa, yanatiririka kitakoni, anadhani ameitia mafuta kumbe chuma kinasuguana kikavu. Rangi ikiingia pale fimbo ya sindano inapotoka kichwani, mashine inakuwa nzito. Ikipita kwenye kibati cha kuteleza kinachofunika kibobini, kibati hakitelezi tena, mtu anakichokonoa kwa bisibisi na kukipinda. Puti ikijazwa kwenye namba, umefuta cheti cha kuzaliwa cha mashine. Na vumbi la rangi ya zamani si la kuvutwa na mtu yeyote, maana rangi nyingi za enzi zile zilitiwa madini ya risasi. Nimewaona vijana wakipiga msasa huo barazani, watoto wamekaa pembeni. Hilo halina utani.

"Lakini fundi, ya jirani yangu ilipakwa rangi na sasa inashona vizuri." Nalisikia sana, na najua linatoka wapi. Aliyepaka rangi alikifungua kichwa, akatoa pamba na nyuzi zilizojazana chini ya meno, akatia mafuta, akabadili sindano na mkanda. Mashine ikalainika. Mwenye nayo anaona kitu kimoja tu kilichobadilika, kile kinachong'aa, basi sifa zote zinaenda kwa rangi. Kazi iliyoiponya ingefanyika kwa nusu siku bila kopo hata moja, na mapambo ya dhahabu yangebaki mahali pake.

Kung'arisha nako kuna maafa yake. Usifute mapambo kwa spiriti, thina wala petroli. Vanishi iliyoyafunika inayeyuka na dhahabu inaondoka na kitambaa. Usisugue kwa steelwool. Chukua kitambaa laini cha pamba, tia mafuta ya cherehani, futa taratibu, acha kidogo, futa tena. Uchafu mwingi unaoonekana kama rangi iliyokufa ni mafuta ya zamani yaliyogeuka hudhurungi. Chini yake kuna weusi mzuri ambao hakuna kopo litakalokuuzia.

Sipingi rangi kwa kila hali. Kama chuma kimebaki uchi, kutu imetafuna kitako, na mapambo yameshaondoka yote, hapo hakuna cha kulinda, na rangi inaweza kuzuia kutu isiendelee. Lakini basi ifanyike kazi kamili: mashine ifunguliwe mpaka sehemu ya mwisho, ipigwe picha kila hatua, matundu yote yazibwe kwa vijiti kabla ya kupuliza, namba isiguswe, na mafuta yaondolewe yote kabla msasa haujagusa chuma. Asiyekuwa tayari kwa hayo aache.

Sasa uchakavu wenyewe. Toa uzi, inua mguu unaokandamiza kitambaa, zungusha gurudumu kwa mkono. Kama ni zito mzunguko mzima, karibu kila mara ni mafuta yaliyoganda, hasa kwa mashine zilizowahi kutiwa mafuta ya kupikia. Mafuta ya kupikia yakikaa hewani yanageuka gundi. Yatupe kwenye kaango. Kama linagonga sehemu moja tu, kuna uzi umejisokota kwenye kishikio cha kibobini au kitu kimepinda. Shika fimbo ya sindano, itikise kushoto na kulia: ikicheza sana, bushi zimeliwa, na hilo ni gharama ya kweli. Pitisha kidole kwenye meno: yakiwa laini kama kucha, kitambaa hakitasukumwa hata mashine ingepakwa dhahabu. Tazama visahani vinavyokaza uzi: vikiwa na mifereji, mshono hautatulia. Mwisho, tazama kibobini. Kikiwa cha mviringo mfupi na mashine ni Singer namba 15, una bahati, kwa kuwa cherehani za Butterfly za Shanghai zilizojaa sokoni zimefuata umbo hilo hilo na spea nyingi zinaingiliana. Kikiwa kirefu chembamba, ndani ya kikasha cha chuma kinachokwenda mbele na nyuma, hiyo ni ya kundi la 27 au 28. Kikasha hicho usikipoteze wala usimwazime mtu, kwani sokoni hukikuti.

Ukishapima, amua haraka. Njia ni nne.

Mashine ya kazi, ya kushona sare za shule Januari na nguo za wali wakati wa unyago: rudisha mwendo wote, sura iache. Lainisha mafuta yaliyoganda kwa mafuta ya taa kidogo kwenye sehemu za chuma zinazosuguana tu, yasiguse mapambo. Subiri usiku mmoja, zungusha, futa, rudia, kisha tia mafuta ya cherehani kila tundu. Mafuta ya taa peke yake hayalainishi mashine, yanaosha tu. Oili chafu ya gari isikaribie. Badili mkanda, badili sindano: namba 11 au 12 kwa kitambaa chepesi, 14 kwa khanga na kitenge, 16 kwa jinzi. Meno au bushi vikihitajika, nunua. Huo ndio mtaji.

Mashine ya urithi, ya kukaa sebuleni: safisha, tia mafuta, igeuke, basi. Usibadili kitu kisichokuzuia. Ukibadili, cha zamani kiweke kwenye droo ya meza, na uandike kilitoka wapi.

Mashine ya kuuza: usiitie shilingi kwenye rangi. Mnunuzi anayejua atauliza unaficha nini. Wala usikae nayo ukimsubiri mnunuzi wa zebaki nyekundu. Uvumi kwamba zebaki hiyo imo ndani ya Singer za zamani uliwahi kuivuruga Saudi Arabia mwaka 2009, watu wakazinunua Singer kuukuu kwa fedha nyingi na kuzipima kwa kusogeza simu karibu na sindano. Ndani ya cherehani hamna zebaki. Mna chuma, mafuta na nyuzi.

Mashine isiyofaa tena, kitako kimepasuka au mhimili umepinda: itoe spea, wenzake wapone. Usimpe mnunuzi wa chuma chakavu anayekupimia kwa kilo. Mkoa huu umeshapoteza chuma cha kutosha. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulifika Nachingwea na matrekta na reli yake. Ulifutwa mwaka 1951, reli nayo ikang'olewa baadaye. Cherehani za enzi zile bado zinalisha nyumba, kwa kuwa kila kizazi kilizitia mafuta na kubadili kilichochakaa bila kugusa kilicho kizima.

Ukileta yako, uje na jibu moja: itafanya kazi gani, na mikononi mwa nani. Kwa jibu hilo nitakuambia ndani ya saa moja nini kibadilishwe, nini kisafishwe na nini kisiguswe. Kopo la rangi liache dukani.