Uhasibu: Sikiliza mhadhara kwenye simu, hesabu ufanyie darasani

Mhadhiri anaeleza debiti na krediti, nawe unaitikia kwa kichwa. Usiku ukifungua swali la kwanza, kalamu inagoma na hakuna wa kumuuliza. Kabla ya kujiita mjinga, angalia mpangilio wa somo lenyewe: kazi nyepesi ya kusikiliza unaifanya mkiwa na mwalimu, ile ngumu unaachiwa peke yako.

Darasa lililogeuzwa linabadilisha hayo. Maelezo unayapata mapema kwa video fupi au noti, halafu kipindi chote kinakuwa cha kutoa jasho pamoja. Walimu wawili wa kemia huko Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi masomo mwaka wa 2007 kwa sababu wanafunzi wao walikuwa wakikosa vipindi kutokana na safari ndefu za michezo.

Safari ndefu? Mwulize kijana wa Lokiriama, kule Loima mpakani na Uganda, anayesomea Lodwar.

Mbuzi kwenye leja

Chukua swali hili. Una mbuzi 20, vitabuni wana thamani ya Sh100,000. Mwaka ukiisha, kila mmoja anaweza kuuzwa Sh6,000 sokoni Lodwar. Toa Sh300 za usafiri na Sh200 za dalali na ushuru wa soko. Inabaki Sh5,500 kwa kila mbuzi, jumla Sh110,000.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu nambari 41, kinachohusu kilimo na mifugo, kinataka uandike faida ya Sh10,000: debiti mifugo, krediti faida. Lakini hujauza hata mbuzi mmoja! Faida gani hiyo? Na ukame ukija?

Hapo ndipo darasa linapochemka. Aliyekulia kwenye mifugo anajua bei inavyoporomoka kiangazi, wa mjini anajua leja, na mhadhiri anapita meza hadi meza akiona nani amekwama wapi. Ubishi wa aina hiyo huwezi kuupata kwenye video.

Bando je?

Si kila mtu ana bando au mtandao wa maana. Kwa hivyo video iwe ya dakika kumi, isiwe nzito, na ipatikane pia kama sauti au noti. Pakua ukiwa kwenye waifai ya chuo, kisha mrushie mwenzako kwa Bluetooth au memori kadi kabla hajarudi nyumbani. Mhadhiri akitegemea intaneti pekee, atawaacha nje walewale waliohitaji mbinu hii zaidi.

Na usijidanganye: ukija darasani bila kutazama, utakuwa mtazamaji tu. Jaribio la maswali matatu mlangoni huwaamsha wengi.

Huna haja ya kungoja chuo kibadilike. Wiki hii, soma mada kabla ya kipindi, jaribu swali moja, na uende na pale ulipokwama. Uliza hapo hapo, mhadhiri akiwa mbele yako.